Karatasi Mbili, Nyumba Moja

Gerezani, Kajiado
9 Juni 2024

Dada yangu Evalyne,

Wi museo? Mimi niko mzima, ila kifua kinanikumbusha kila asubuhi kwamba Juni ya huku haina mchezo. Msalimie shemeji Mwololo, umuulize kama mipapai aliyopanda nyuma ya tangi ilikubali udongo mweusi wa Kitengela au imekufa kama ile ya kwanza. Na umsalimie Ndinda. Mwambie... hapana, wewe msalimie tu.

Asante kwa kitabu. Kimefika na muhuri wa ofisi kila baada ya kurasa chache, utadhani kitabu ndicho kimefungwa. Nilikuomba kitu cha kunisumbua akili ukanitumia lugha ya kompyuta, hii Java, kwa hivyo ulinisikia vizuri. Kompyuta ya kufanyia mazoezi sina, lakini niko na penseli, na chumba kimoja nalala na Nelson Parmuat, Mmaasai wa upande wa Kiserian aliyesomea mambo haya kabla hajaletwa huku. Yeye hunieleza, lakini tukibishana hakuna wa kutuamua. Ndiyo nimewaza hivi: mimi nitaandika programu kwa karatasi, wewe mwalimu wake uichape kwa laptopu vile ilivyo, kisha uniandikie mashine imesema nini. Usinirekebishie. Hata nikikosea nukta, wacha mashine inikosoe yenyewe. Jibu likichukua mwezi si neno, muda ndio kitu tulicho nacho hapa.

Ya kwanza ni ya ng'ombe, kwa sababu Parmuat hataki kusikia mfano wa kitu kingine. Nimemtengeneza ng'ombe mweusi, nikamkabidhi kwa method, fungu la maagizo, inayoitwa badilisha, na huko ndani ya method nikaandika kwamba ng'ombe huyo sasa ni mpya, mwekundu. Nataka kujua method ikimaliza kazi nitamkuta wa rangi gani. Parmuat anasema mweusi. Mimi nasema mwekundu. Tumewekeana kipande cha nyama cha Jumapili.

Miaka minne sasa, Eva, na Kitengela si mbali na hapa. Sikulaumu. Najua kazi ni nyingi.

Ndugu yako,
Kitonga


Kitengela
7 Julai 2024

Kitonga ndugu yangu,

Salamu zako tumepata, nawe pokea zetu. Mipapai imekubali, na Mwololo anaitembelea kila jioni kama mgonjwa. Pale chuoni tuko na mitihani, wanafunzi mia na ishirini, na wote wameandika jibu moja. Pole na kifua. Nimeweka soksi mbili nzito ndani ya kifurushi, uulize kama hawajakupa.

Ndinda ni mzima. Ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Siku hizi hasalimii mtu mzima kwa mkono. Amejifunza kwa watoto wa jirani yetu, Mama Nasieku, kuinamisha kichwa aguswe utosini kama watoto wa Kimaasai. Hata fundi wa maji akija, anainamishiwa kichwa. Mimi bado namwita mwaitu kwa sababu ya jina la marehemu mama, na akinifokea mimi hunyamaza kweli, kwa maana mama ni mama.

Sasa programu yako. Ilikataa. Umeandika Ng'ombe na ile alama ya juu, na Java inaiona alama hiyo kama mlango uliofunguliwa ukasahaulika. Andika Ngombe. Najua mwalimu wetu wa darasa la nne angekuchapa kwa hilo, lakini Java haikusoma Kathiani. Ulisema nisikurekebishie, nami sikukurekebishia. Mwezi mzima umeenda kwa alama moja, na hilo ni lako.

Kuhusu kuja, nitaona. Kuna mitihani, halafu kuna mambo ya kanisa.

Nimekuwekea picha aliyochora Ndinda.

Dada yako,
Evalyne


Gerezani, Kajiado
28 Julai 2024

Dada,

Natumai mitihani imeisha na wanafunzi wamejifunza kuiba kwa ustadi zaidi. Huku tuko salama. Soksi nimezipata, Mungu akubariki, Parmuat ameazima moja na sijui mtu anaazima soksi moja ya nini.

Nimemtoa ng'ombe pembe aliyokuwa nayo juu. Karatasi ya programu ni hii, ichape tena. Ujue ilikawia kutoka kwa sababu Afande Makokha aliniita nimweleze maana ya hayo mabano. Alidhani ni lugha ya kutoroka. Nikamwambia afande, ningekuwa najua lugha ya kutoroka nisingeiandikia dada yangu barua, ningeisema nikiwa naenda. Alicheka, akapiga muhuri.

Picha nimeibandika ukutani juu ya kichwa changu. Nimeiangalia sana. Kuna nyumba, kuna tangi, kuna mpapai mkubwa kuliko nyumba. Kuna mwanamke, kuna mwanamume wa kofia, na katikati kuna yeye, amefunga mdomo kwa sababu ya meno. Watu watatu. Mimi kofia sijawahi kuvaa.

Halafu kona ya chini imekatwa, pale watoto wa shule huandika jina. Imekatwa sawasawa. Panya wa Kitengela siku hizi wanatumia makasi.

Kitonga


Kitengela
15 Septemba 2024

Kitonga,

Hatujambo. Mwololo alikuwa na malaria lakini ametoka. Mvua hakuna, na Mama Nasieku amehamisha ng'ombe wao mpaka karibu na Isinya kutafuta majani. Ndinda alilia siku walipoondoka, kulikuwa na ndama aliyekuwa amempa jina.

Ng'ombe wako ametoka mweusi. Mpe Parmuat nyama yake.

Najua utabisha, kwa hivyo nakueleza vile ninavyowaeleza wanafunzi. Wewe unafikiri ile variable yako, lile jina uliloliandika, imebeba ng'ombe. Haijabeba. Ng'ombe anakaa mahali pake, mmoja tu, ndani ya kumbukumbu ya mashine. Variable imebeba anwani yake. Chukua mfano wa ploti: wewe uko na karatasi imeandikwa nyumba iko wapi, mtaa gani, geti rangi gani. Ukiita method, Java haimpi nyumba, wala haimpi karatasi yako. Inachukua karatasi ya pili, inanakili anwani ile ile, na kumpa hiyo nakala. Karatasi mbili, nyumba moja.

Sasa, method akifuta karatasi yake akaandika anwani ya nyumba nyingine, hilo ni lake na karatasi yake. Yako haijaguswa. Ndivyo ulivyofanya, ulimwambia aandike ng'ombe mpya kwenye karatasi yake mwenyewe, akaandika, akamaliza kazi, karatasi ikatupwa. Wewe ukaangalia yako ukamkuta mweusi wako amesimama palepale.

Lakini method akiifuata ile anwani, akafika kwa nyumba yenyewe, akaingia na kupaka ukuta rangi, wewe utakaporudi utaikuta imepakwa. Hakubadilisha karatasi yako. Alibadilisha kilicho ndani ya nyumba. Wanafunzi wangu hushindwa hapo kila mwaka. Wanafikiri wakitoa nakala wako salama.

Hayo ndiyo ya leo. Nimechoka kidogo.

Evalyne


Gerezani, Kajiado
6 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa ugonjwa wa shemeji, na pole kwa Ndinda na ndama wake. Aliitwa nani? Mimi niko sawa. Nyama ililiwa mbele yangu polepole, kipande kimoja kwa robo saa, na kila akimeza Parmuat ananiuliza kama nina swali.

Nimeelewa. Nimeelewa hata kuliko nilivyotaka. Nimekaa na barua yako wiki mbili, na picha iko juu ya kichwa, na nimekumbuka ile asubuhi mlangoni kwako. Nilikukabidhi Ndinda na begi lake la samawati. Nikasema nitamchukua saa kumi. Unanipata? Niliita method, na mpaka leo haijarudi.

Karatasi yangu bado ninayo, Eva. Ila sijui huko ndani kumepakwa rangi gani. Nimekuandikia programu nyingine, hii hapa:

class Mtoto {
    String jina;
    String baba;
}

Mtoto wangu = new Mtoto();
wangu.jina = "Ndinda";
wangu.baba = "Kitonga";
lea(wangu);
System.out.println(wangu.jina + " wa " + wangu.baba);

static void lea(Mtoto m) {

}

Ile method ya lea nimeiacha wazi katikati. Si kwamba nimesahau. Ijaze wewe, maana wewe ndiye unayejua kilichomo. Halafu unitumie kile mashine itachapisha, neno kwa neno, kama tulivyokubaliana.

Ndugu yako,
Kitonga


Kitengela
22 Desemba 2024

Kitonga,

Heri ya Krismasi. Samahani nimekawia, muhula ulikuwa mrefu. Tunaenda Kathiani kwa siku tatu kupalilia kaburi la mama. Ndama aliitwa Chai.

Programu yako nimeijaza. Ndani ya lea nimeandika kwamba mtoto ameongeza darasa moja, na ameongeza urefu sentimita saba. Ilibidi nimwongezee Mtoto sehemu mbili, darasa na urefu. Imechapisha hivi:

Ndinda wa Kitonga

Uwe na sikukuu njema.

Evalyne


Gerezani, Kajiado
12 Januari 2025

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote, wewe, shemeji na yule wa kwangu. Barua yako iliingia tarehe mbili. Kaburi la mama asante, nilikuwa nikiliwaza.

Nimekata ule mstari mmoja kwa barua yako, kwa wembe wa kuazima, na nimeubandika chini ya picha, pale kona ilipokosekana. Umeingia sawasawa. Afande Makokha alipita akausoma, akasema hii angalau ameielewa.

Nilikuwa nimekushuku, Eva. Nisamehe. Mtu akikaa sana na ukuta, huanza kubishana nao. Sentimita saba! Nimejipima mlangoni nikajaribu kuona atakuwa amefika wapi, kifuani au begani.

Oktoba natoka. Sijui kama wajua.

Kitonga


Kitengela
16 Machi 2025

Ndugu yangu Kitonga,

Salamu. Sisi ni wazima wa mwili. Mvua imeanza na barabara yetu imekuwa matope.

Nimeandika barua hii mara tano. Hii ndiyo ya sita na nitaituma ikiwa mbaya hivyo hivyo.

Nilikudanganya Desemba. Nilichoandika ndani ya lea kilikuwa kweli, lakini hakikuwa chote. Leo nimeichapa tena nikaijaza kama ilivyo. Ndani yake kuna mstari huu:

m.baba = "Mwololo";

Na mashine imechapisha:

Ndinda wa Mwololo

Hiyo ndiyo kona niliyokata. Shuleni ameandikishwa Ndinda Mwololo. Ananiita mama. Wayua hamjui. Picha za Wayua ziko sandukuni chini ya mablanketi, na Wayua alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako, mimi ndiye niliyekujulisha kwake, kwa hivyo ujue sijawaibia watu wawili bila kuwajua. Kukuhusu wewe, Ndinda anajua kuna mtu anaitwa Kitonga ambaye ninamwandikia. Aliuliza ni nani, nikasema ni kaka yangu.

Nitakuambia ilivyoanza. Alikuwa na miaka mitatu. Alikulilia wiki sita, kila gari likisimama nje anakimbia getini. Siku moja hakukimbia. Siku hiyo Mwololo alikuwa anamfunga viatu, akamwita baba, Mwololo akaniangalia, kisha akaendelea kufunga. Mungu hakutubariki na mtoto, unajua. Tulinyamaza siku moja, na ya pili, na kunyamaza kukawa ndiyo jibu. Na nilikuwa na hasira nawe, Kitonga. Sikuja kukuona kwa sababu ya hasira, kisha sikuja kwa sababu ya aibu, na hiyo mitihani yote niliyokuandikia ilikuwa miwili tu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi uliopita walipewa kazi ya nyumbani, wachore mti wa ukoo. Akaandika baba Mwololo, mama Evalyne, nyanya mzaa baba Mutave, nyanya mzaa mama Ndinda. Mwalimu wao wa darasa ni Mbaluka, Mkamba wa kwetu. Akaangalia ule mti akamwuliza mbele ya watoto: wewe ni msichana wa kwanza, na msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mbona hukuitwa Mutave? Mbona uko na jina la upande wa mama?

Mwalimu hakuwa na ubaya. Ni swali ambalo Mkamba yeyote angeuliza. Nilibadilisha jina la baba kwa daftari la shule, nikasahau kwamba jina lake mwenyewe linasema ni wa nyumba ya nani. Amekuja nalo nyumbani, na mpaka leo analiuliza. Nimemwambia Mwololo alipenda jina. Amenitazama vile mama alivyokuwa akitutazama tukiwa na sukari mdomoni.

Karatasi yako sikuigusa, ndugu yangu. Haigusiki. Lakini niliingia ndani ya nyumba. Nilijua ninachofanya, mimi ndiye ninayelifundisha.

Evalyne


Gerezani, Kajiado
29 Juni 2025

Evalyne,

Msalimie Mwololo. Nasema hivyo kwa moyo, si kwa adabu.

Barua yako nimekaa nayo tangu Aprili. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikikujibu kichwani, na ningeyaandika hayo, Afande Makokha angekosa pa kupiga muhuri. Parmuat ametoka Mei, ameenda kwao Kiserian kwa dada yake Soila, ameniachia ile soksi. Sasa nazungumza peke yangu na mambo yamekuwa wazi zaidi.

Wewe umesema lako, wacha nami niseme langu ambalo sikusema hata kortini. Korti iliambiwa nilisinzia nikiendesha lori na ni kweli. Hawakuambiwa kwamba Wayua aliona. Tulipotoka kupakia mchanga aliniambia, Kitonga, macho yako mekundu, tukifika Isinya tusimame ulale kidogo. Tulipofika Isinya akaniambia mara ya pili. Alinishika mkono wa shati. Nikamwambia tumekaribia, mtoto anatungoja saa kumi. Nilimtumia Ndinda kama sababu. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho Wayua alisikia kutoka kwangu, mimi nikimjibu kwa ukali kwa ajili ya saa kumi.

Kwa hivyo mtu huyo ndiye utamrudishia Ndinda kama baba? Utamwambia nini, huyu ndiye babako, na mamako alikuwa mwingine, na hivi ndivyo alivyokufa? Alipong'oka meno ya mbele alificha mdomo. Hilo ataficha na nini?

Kabla hajaenda Parmuat alinifundisha jambo la mwisho. Alisema ukiandika wangu = null, umeifuta anwani kwenye karatasi yako, lakini mtoto haendi popote. Maadamu kuna mtu mwingine aliyeshika karatasi ya anwani yake, bado yupo, bado anafikiwa. Kinachofagiliwa na mashine ni kile tu ambacho hakuna tena anayekishika. Nimeshukuru kwamba kuna wewe umeshika.

Oktoba nitakuja kama mjomba. Wewe ni mamake, mimi ni kaka yako, basi ni mjomba, hata Mwalimu Mbaluka hataona kosa katika mti huo. Nitaleta zawadi ya mjomba, nitakaa saa moja, nitakunywa chai. Maji yamemwagika, Eva. Hayazoleki. Niandikie tu kwamba umekubali.

Kitonga


Kiserian
19 Oktoba 2025

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka kwa akina Parmuat. Wamenipokea vizuri, Soila ananipa maziwa kana kwamba mimi ndiye ndama. Nafanya kazi kwa machimbo ya mawe. Simu nimepata, lakini nimezoea kukuambia mambo nikiwa siwezi kuona uso wako, kwa hivyo natumia posta.

Barua yangu ya Juni hukuijibu. Nikangoja, nikasema labda imekwama ofisini. Nikangoja tena. Nilitoka tarehe nane, na Jumamosi tarehe kumi na moja nikaja. Najua hukujua. Nilikuwa nimevaa shati jipya na nilikuwa na bahasha yako mkononi, ile ya Machi, kwa sababu ya anwani uliyoandika nyuma. Mtaa umebadilika, ningepotea. Geti la kijani, tangi, mpapai. Mchoro wake ulikuwa wa kweli, mpapai ni mkubwa kuliko nyumba.

Nilibisha nikijua la kusema. Nilikuwa nimelirudia njiani kote. Hamjambo, mimi ni mjomba Kitonga.

Alifungua yeye mwenyewe. Meno yameota. Nimemwona, Eva, ni Wayua kuanzia nyusi mpaka kidevu, na ananifika begani karibu. Nilikuwa nikidhani kifuani. Hakuuliza mimi ni nani. Aliinamisha kichwa tu, kama ulivyoniandikia, akangoja. Nikaweka mkono utosini kwake. Ulikuwa na joto la jua.

Akainua uso akasema, "Unatafuta nani?"

Neno mjomba lilikuwa hapa mdomoni na halikutoka. Na lile lingine sikuwa na haki nalo. Nilikuwa nimeshika anwani ya kweli mkononi, nimesimama mbele ya nyumba yenyewe, na nikamwambia nimekosea nyumba. Akasema pole. Akafunga geti taratibu, si kwa nguvu.

Nimeona mjomba ni kazi nisiyoiweza. Sitakuja tena kuwasumbua. Mlee.

Kitonga


Kitengela
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Kitonga,

Salamu kwako, kwa Parmuat na kwa dada yake. Hatulali vizuri, sitasema tuko salama.

Barua yako ya Juni niliipata. Sikujibu kwa sababu ulikuwa umenipa ruhusa, na niliiogopa ruhusa hiyo kuliko lawama.

Ile Jumamosi nilikuwa sokoni. Nilipoingia, Ndinda alisema kulikuja mtu amekosea nyumba. Nikasema haya. Akasema, "Lakini alikuwa na bahasha na ni mwandiko wako." Mimi ndiye humwandikia daftari lake kila siku, angekosaje kuujua? Akasema, "Na aliniwekea mkono kichwani. Ni yule Kitonga?" Nikasema ni yeye. Akauliza, "Ndiye sababu siitwi Mutave?"

Basi nikamwambia. Nilitoa picha za Wayua kwa sanduku, nikampa barua zako zote pia, na kila aliponiuliza nilijibu. Ya Isinya aliisoma mwenyewe. Nilitaka kuificha hiyo moja, lakini makasi yangu yameshakata ya kutosha.

Imekuwa wiki nne. Haniiti mama wala haniiti shangazi, haniiti chochote, ananingoja nimwangalie ndipo aseme. Picha moja ya Wayua ameiweka ndani ya begi la shule. Mwololo hamlaumu mtu, lakini asubuhi huinuka kumfunga viatu, na sasa Ndinda hujifunga mwenyewe akiwa amempa mgongo. Shuleni bado wamemwandika vile vile. Hajasema anataka nini na sijathubutu kumwuliza.

Leo nimemwambia ninakuandikia, na kwamba akiwa na neno aliandike hapa chini. Amekaa na karatasi hii kuanzia tulipotoka kanisani mpaka sasa hivi. Sikumwambia aandike nini, wala ajiandike nani.

Evalyne

Niliinamisha kichwa na hukujitaja. Usikuje tena mpaka nikuite.

Ndinda Kitonga